Usitoke Nje ya Mada

Ofisini walimwita Mama Maswali, naye hakukasirika, maana kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kutunga maswali ambayo watu wengine watakwenda kuyauliza. Kampuni ikitaka kujua kwa nini watu hawaitumii programu yake ya simu, au kwa nini mashine yake ya kufulia inawekwa kona na kufunikwa kitambaa, ilimjia yeye. Alikaa kwenye kiti chake chenye mguu mmoja mfupi, akaandika mwongozo wa mahojiano, kurasa nne, hazizidi.

Na kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Hakumwuliza mtu, "Je, unaipenda?", kwa sababu watu wana adabu zao na watasema ndiyo hata kama kitu chenyewe hawataki kukiona. Aliuliza, "Nieleze mara ya mwisho ulipoitumia, kuanzia uliposhika simu." Alianza na maswali mepesi ya kumlegeza mtu, ndipo akaingia kwenye mazito. Na katika ukurasa wa kwanza wa kila mwongozo, kwa herufi nene, aliweka kanuni aliyoiona ndiyo uti wa mgongo wa shughuli nzima: mhojiwa akitoka nje ya mada, mshukuru, kisha mrudishe kwenye swali.

Kanuni hiyo hakuna mhojaji aliyewahi kuifuata. Wahojaji walikuwa binadamu, na binadamu akisikia jambo la mwenzake hutega sikio. Alikuwapo mzee mmoja mwembamba waliyembatiza Bwana Pembeni, kwa sababu karatasi zake zilirudi zimejaa maandishi pembeni mwa maswali, juu, chini, mpaka mgongoni. "Mama huyu anauguza mtu ndani, hana nafasi ya kujifunza simu." "Baba huyu hajui kusoma, anaficha." Mama Maswali alimgombeza kila mara.

"Mzee wangu, mimi nimeuliza habari ya kitufe, wewe unaniletea habari ya ndoa ya mtu!"

"Kitufe kipo hapo, swali la sita," Bwana Pembeni alijibu bila wasiwasi. "Hiyo ndoa nimekuongezea tu."

Mama Maswali alilalamika, lakini maandishi ya pembeni aliyasoma yote, neno kwa neno, na ripoti zake zilizosifiwa zaidi zilitoka humo. Hilo hakuwahi kumwambia mzee wa watu.

Kisha ikaja akili bandia. Iliwapigia watu simu kwa sauti ya mwanamke mpole, ikauliza, ikasikiliza, ikachimba kidogo, halafu ikaandika mazungumzo yote na muhtasari juu yake. Ilihoji watu mia mbili kabla ya saa sita mchana. Bwana Pembeni na wenzake wakamwaga unga ndani ya wiki moja. Mama Maswali alibaki, kwani hata mashine inahitaji mwongozo, na siku wenzake walipokuwa wanaagana alijifanya ana simu ya kupokea nje.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa ya hospitali iliyotengeneza programu ya simu ya kuwekea miadi, ikataka kujua wazee wanaionaje. Wazee walipungua kwenye orodha, basi akamwongeza shangazi yake. Huyu shangazi ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, ndiye aliyemshonea kila sare ya shule, na mpaka leo aliishi peke yake katika vyumba viwili upande wa pili wa mji, akiwashonea watu. Mama Maswali alizoea kumtembelea Jumamosi, lakini sasa alikuwa hajakanyaga pale miezi mitatu. Simu alipiga, ndiyo, zile za "shikamoo shangazi, hujambo?" huku macho yako kwenye kompyuta.

"Shangazi, kuna mashine itakupigia, itakuuliza maswali. Usiogope, maswali yenyewe nimeyatunga mimi."

"Umeyatunga wewe? Basi nitayajibu yote, mwanangu."

Mwongozo ulikuwa uleule wa siku zote, alibadilisha jina la mteja tu. Kanuni ya mada hakuigusa. Majibu yakarudi ya watu mia mbili na kumi, naye akaona mtu mwenye akili zake hasomi yote hayo. Akasoma mihtasari. Wa shangazi ulikuwa mistari miwili: mshiriki ameridhika kwa jumla, angependa maandishi na vitufe vikubwa zaidi. Mama Maswali akatabasamu, akaandika kwenye ripoti kwamba maandishi yaongezwe ukubwa. Hospitali ikafurahi, naye akapongezwa kikaoni mbele ya watu.

Miezi saba baadaye jirani wa shangazi akampigia kumwambia kwamba bibi amejishona kidole. Mtu wa miaka arobaini kwenye cherehani, ajishone kidole! Akaenda mbio. Alipoingia mlangoni na kuamkia, shangazi aligeuza kichwa huku na huku kutafuta sauti inatoka wapi, na Mama Maswali akampeleka hospitali papo hapo. Daktari wa macho hakuzungukazunguka. Presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia limebaki na sehemu ndogo katikati.

"Mngemleta mwanzoni mwa mwaka tungeokoa mengi," akasema. "Kilichokwisha kupotea hakirudi."

Kesho yake Mama Maswali aliyafungua yale mazungumzo na kuyasoma kwa mara ya kwanza. Yalikuwa ya dakika arobaini na moja.

"Mimi, mama, huku kushoto naona kiza," shangazi alikuwa amesema kwenye swali la tatu. "Kila wiki kinaongezeka."

"Asante kwa kunieleza hilo," mashine ilijibu. "Tukirudi kwenye swali letu, kitufe cha kuthibitisha miadi ulikiona kwa urahisi?"

"Sikioni, ndicho ninachokuambia. Hata uzi natunga kwa kupapasa. Naogopa, mama."

"Asante. Ungependa kitufe hicho kiwe na ukubwa gani?"

Mara tano shangazi aliileta habari ya macho yake, na mara tano alishukuriwa na kurudishwa kwenye swali. Mama Maswali alitafuta wa kumtupia lawama akamkosa. Mashine haikukosea hata neno. Kwa miaka yote ile ndiyo ilikuwa mhojaji wa kwanza kumtii. Yeye alikuwa akiandika kwa ukali akijua fika kwamba watakaokwenda kuuliza ni watu, na watu hawatamwacha bibi anayesema anaogopa ili waulize habari ya kitufe. Alikwenda chooni, akafungua bomba ili wenzake wasisikie, akalia.

Jioni hiyo alikwenda kwa shangazi na hakungoja hata kukaribishwa kiti.

"Shangazi, yale uliyoiambia ile mashine yalinifikia. Yalikuwa kwenye kompyuta yangu miezi saba yote. Sikuyasoma."

Shangazi alikuwa ameketi kitandani, kidole kimefungwa bandeji.

"Kumbe hukusoma," akasema. "Mimi nilijua umesoma."

"Ulijua nimesoma? Sasa mbona hukuniuliza?"

"Ningekuulizaje, mwanangu? Kukuambia kwenye simu niliona haya, kila nikipokea nasikia una haraka. Ulivyosema maswali umeyatunga wewe, nikasema basi, na majibu atasoma yeye. Ndiyo maana nilikuwa narudiarudia, nisije nikawa sijaeleweka." Alipapasa shuka mpaka akaupata mkono wa Mama Maswali. "Jumamosi zote nikawa nafagia mapema, nakaa mlangoni. Ulipokuwa huji nikajiambia, amesoma, ila nafasi ndiyo hana. Wala sikukukasirikia."