Pasaka Yetu ya Pili

Nakumbuka Ijumaa moja ya Pasaka kule Doha, Qatar, mwanangu, nilipoingia hospitalini nikiwa nimevaa joho la kwaya, la zambarau, limepigwa pasi likanyooka. Wauguzi walinipongeza wakidhani nimetoka mahafali. Nilikuwa nimemleta Mwanahawa, jirani yangu mwenyeji wa Mombasa, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa wakati mimi nafunga mlango niende ibadani. Mumewe alikuwa dereva wa lori, yuko safarini, na simu yake haipatikani. Ningemwachia nani? Aling'ang'ania mkono wangu kutoka mtaani kwetu Al Thumama mpaka kitandani, na kila nilipojaribu kuutoa alinifinya utadhani mimi ndiye niliyempa mimba ile.

Kule Ijumaa ndiyo iliyokuwa mapumziko yetu, kwa hiyo hata Pasaka tuliisherehekea Ijumaa. Nilikuwa nafua nguo katika hoteli moja ya mtaa wa The Pearl, na tangu Januari nilifua huku naimba, maana wimbo mkuu wa siku hiyo nilipewa mimi niuongoze. Kwaya ile ndiyo iliyokuwa nyumbani kwangu. Lakini ilikuwa na sheria yake: anayekosa Pasaka anavua joho mpaka Pasaka nyingine. Na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwaka huo huo. Pasaka nyingine ingenikuta nimesharudi Kitale.

Mtoto wa kiume alizaliwa wakati wenzangu wanakula pilau. Nilifurahi na nikalia, yote mawili kwa pamoja.

Sasa, mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Simiyu, dereva wa basi la shule. Lo, mzee yule alipenda sheria! Sisi wengine tulisoma Zaburi. Yeye akishika Biblia utamkuta kwenye Walawi na Hesabu, huko kwenye sheria za Wayahudi, mbuzi huyu achinjwe vipi, mtu yule asiguse nini. Tulimtania kwamba akifika mbinguni ataanza kwa kukagua vyombo. Kwa mtu kama huyo ningeanzia wapi kujitetea? Nikalikunja joho, nikalitia kwenye mfuko, nikampelekea kabla hajaniita.

Akaupokea mfuko, akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamweleza yote. Akafungua Hesabu, sura ya tisa. Akanisimulia kwamba Waisraeli walipokuwa jangwani, siku ya Pasaka ilifika na baadhi yao walikuwa wamegusa maiti. Walikuwa wamefanya kazi ya utu, lakini kwa sheria yao walikuwa najisi, hawaruhusiwi kushiriki. Watu wale hawakwenda kujificha. Walimwendea Musa, wakamuuliza kwa nini wazuiwe. Na Musa mwenyewe akawaambia wangoje amsikilize Mungu. Jibu likaja kwamba wafanye Pasaka yao mwezi wa pili, na mikate isiyochachwa na mboga chungu, asipunguziwe mtu kitu.

"Wale waliuliza," akaniambia. "Wewe umeniletea mfuko. Ulidhani sheria ya Mungu haijui kwamba watu huzaa na kufa siku za sikukuu?"

Akanirudishia joho langu. Mwanangu, sijawahi kukaripiwa nikafurahi namna ile.

Mwezi uliofuata kwaya nzima ikaitwa kwa Pasaka ya pili, majoho yote, pilau upya. Kevo, mwimba besi wetu, naye alikuwa amekosa Pasaka ya kwanza kwa sababu alilala chumbani kwake Al Wukair kiyoyozi kikimpuliza. Akaja anachekelea, eti na yeye ni mtu wa Pasaka ya pili. Mzee akamsomea mstari unaofuata: aliye safi, wala hakuwa safarini, akaacha tu, huyo atakatiliwa mbali. Kevo akaacha kuchekelea. Hukumu ikapunguzwa, akaosha sufuria zote, na alipomaliza akapewa sahani yake.

Mstari wa baada ya huo unasema mgeni akaaye kwenu naye ana sheria hiyo hiyo. Basi Mzee akatuma Mwanahawa aitwe kwenye chakula. Akaja na mumewe na mtoto, wakaketishwa mbele. Nikasimama kuongoza wimbo wangu. Mstari wa kwanza tu, yule mtoto akapasua kilio kikanizidi sauti, nami nikashindwa kwa kicheko. Nikamtazama Mzee Simiyu, mtu wa taratibu, nikijua nimeuharibu.

"Anza upya," akasema. "Si ndiyo maana tuko hapa?"

Nikaanza upya, na nikaimba mpaka mwisho.

Basi mwanangu, mtu akikuhitaji siku ya sikukuu yako, nenda naye, hata kama umeshavaa. Ukishamaliza, usijifiche kama mkosaji. Rudi uulizie nafasi yako. Na siku utakayopewa wewe uenyekiti, isome sheria mpaka mwisho, usiishie pale panapokataza. Mungu akupe mikono isiyosita, na kila utakapochelewa mezani kwa ajili ya mwenzako, ukute sahani yako imefunikwa, bado ya moto.