Mwitikie Kwanza Ndege wa Asali

Kosa langu la mwanzo, mwanangu, lilikuwa kumnyamazia ndege. Cheka tu, hata dada yangu Zuhura alicheka, ila baadaye sana.

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, miaka ile ya vijiji vya Ujamaa. Tulikuwa tumehamia kijiji kipya, mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli kutoka Kanyenye. Mizinga yetu ilibaki kule kwenye mahame, makazi tuliyoyaacha, na nyuki wakaikimbia. Zuhura alikuwa anaolewa, na kwenye ukoo wetu bibi harusi haendi ukweni bila kibuyu cha asali.

"Akienda mikono mitupu," alisema mjomba Maganga, "watasema tumewatupia mtoto."

Kazi ya kutafuta asali porini niliiomba mwenyewe. Ndege nilijifunza peke yangu, kwa kuwatazama kando ya njia ya zamani ya misafara, na niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa nyoka. Sikuthubutu kumtaja ndege mpaka nimeona koo, mdomo na mkia.

Basi tukaingia porini, mimi na mjomba, na ndege wa asali akatujia. Akapiga kelele juu ya mninga, akaruka mbele, akarudi. Ndivyo anavyowaita watu: ukimjibu kwa mluzi anakuongoza hadi penye nyuki, nawe unamwachia sega. Mjomba alikuwa nyuma akipuliza kijinga cha moto; wa kujibu nilikuwa mimi. Lakini huyu alikuwa na koo la manjano, na niliyemzoea mimi ana koo jeusi. Nikasimama kimya. Nikamtazama upande huu, nikamzungukia upande ule. Akaita, akaita, kisha akaenda zake.

Mjomba akafika anahema. "Yuko wapi?"

"Sikuwa na hakika kama ndiye, mjomba. Koo lake la manjano."

"Ndiye huyo, ila bado kinda! Hebu niambie, mtoto akikwambia shikamoo, unaitika marahaba au unamkagua meno kwanza?"

"Naitika."

"Basi umeamkiwa ukakaa kama gogo. Sasa Zuhura aende na kibuyu cha upepo?"

Machozi yalinilengalenga. Akanishika bega. "Piga mluzi."

"Ameshaondoka."

"Wewe piga tu, mpwa wangu."

Midomo ilikuwa imekauka. Mluzi ukatoka mbovu kama wa birika. Mjomba akacheka, nami nikapiga tena. Tulitembea nikipiga hivyo hivyo hadi jua likawa utosini, ndipo akajibu ndege. Yule yule au mwenzake, sijui mpaka leo. Tukamfuata. Kibuyu hakikujaa, lakini Zuhura alikwenda nacho amekikumbatia, na ndege nilimwachia sega nono juu ya kisiki.

Nakuusia, mwanangu: anayekuita mwitikie kwanza, kumjua kutakuja mkiwa njiani. Jirani akikuamkia kwa Kisukuma usichokijua, jibu hivyo hivyo ulivyo, kisha chekeni pamoja. Ukingoja uwe na hakika ya kila kitu, wengi watakupita wakidhani unawadharau. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuitika, na akukutanishe na watakaokuvumilia ukikosea.

Mimi wasiwasi haukuniisha. Hata maneno haya nimeyafuta na kuyaandika upya. Majina ya ndege bado nakosea. Ila tangu siku ile, nikiitwa, naitika.