Nyumba ya Mama Katika Visanduku

Mguu wangu wa kushoto haukunjiki. Wanaoniona huku Mapinga nikienda sokoni na mkongojo hudhani ni ajali ya bodaboda. Huwaambia, bodaboda gani, mimi niliangukiwa na nyumba. Na haikuanguka yenyewe. Walioiangusha nawajua, nitawataja kwa vyeo vyao tu, maana majina yao hayastahili wino wangu: mjomba wangu, fundi wake wa kutoka mjini, na bwana afisa aliyeitwa kuangalia ufa, akala pilau, akanawa, akaondoka.

Ila sikushika kalamu kwa ajili yao. Nimeishika kwa ajili ya mchora katuni, ndugu yangu wa kunyonya.

Mama yake aliugua alipomzaa, mama yangu akatunyonyesha wote, huyu ziwa hili, huyu ziwa lile. Kwa hiyo nyumba yetu ya mawe pale mjini Bagamoyo ilikuwa yake pia. Chuoni, kwenye Kurani, alichapwa sana kwa kutazama juu. Sisi tunasoma, yeye macho kwenye boriti, anafuatisha zinavyoingia ukutani. Nyumbani akawa anachora kwa makaa. Mama hakumpiga, alimpa ukuta wa uani. "Huu wako. Ukinigusia wa sebuleni nakukata masikio."

Alichora nyumba, lakini si kama watoto wengine, mlango na madirisha mawili basi. Yeye alizipasua kati kama nazi. Huku mtu anapika, huku mtu anasali, kule paka kalala juu ya mkeka wa wageni. Sote wawili tuliishia darasa la saba, na hakuna aliyemwambia kuwa hiyo ni kazi inayoweza kumlisha mtu.

Alianza na vibao vya maduka. Muhindi mmoja muuza vitambaa alimpa brashi zake za kwanza. Baadaye akapata nafasi ya katuni kwenye gazeti moja Dar es Salaam. Mhariri akawa anamfokea mbele za watu, "Wasomaji wanataka kucheka, wewe unawajengea!"

"Wakicheka watakaa wapi, bosi?"

Akafukuzwa. Basi na mhariri huyo namtia humu, kwa cheo tu kama wale wengine.

Lakini kazi yake haikufa. Alichora vitabu vyake mwenyewe, vijana wakavipenda, wakawa wanaazimana mpaka kurasa zinachomoka. Visanduku vya katuni yeye huviita vyumba. Ukifungua ukurasa wake unaingia mlangoni, unapita ukumbini, jicho linapanda ngazi lenyewe. Mimi kusoma sikupendi, lakini hukaa na ukurasa wake mmoja mpaka chai ikapoa.

Sasa nyumba. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya baharini na chokaa, na desturi yetu ikikaribia harusi ni kuzipaka chokaa upya. Mjomba alikuwa anafanya harusi ya binti yake pale kwetu, akaona chokaa ni umaskini, wageni wa Dar watatuona washamba. Akamleta fundi, wakapiga plasta ya saruji ndani na nje. Ukuta wa chokaa hunywa mvua na kuitoa. Ukiuziba kwa saruji, maji hubaki ndani, yanakula vichwa vya boriti pale ambapo hakuna jicho linalofika.

Mama aliweka kiganja ukutani. "Kaka, ukuta unatoa jasho."

"Dada, jasho hilo lako, la jikoni."

Watu wakacheka. Harusi ikapita, ufa ukatokea, afisa akaja akala. Masika ilipokolea, dari la chumba cha ndani likashuka. Mama alikuwa ndani. Mimi nilikuwa kizingitini.

Matangani mjomba akawa anawaambia watu, "Ni kadari." Kadari naiamini. Lakini ile saruji ililetwa na kigari cha kirikuu, na aliyekaa mbele na dereva alikuwa yeye.

Kwa hiyo ndugu yangu alipoanza kitabu cha nyumba ile, nilitaka kitu kimoja tu: kifo cha mama kisemwe kilivyotokea. Nilimwambia amchore mjomba na pembe. Akakataa.

"Nikimtia pembe, watu watasema ni kazi ya shetani. Nitamchora alivyo."

Mjomba akasikia. Siku moja asubuhi akaja na mzee mmoja wa msikitini, mpaka Makurunge anakokaa ndugu yangu. Mimi nilikuwa pale namenya mihogo.

"Shikamoo mjomba," ndugu yangu akaamkia.

"Marahaba. Mwanangu, Muislamu humsitiri mwenzake. Nitoe kwenye hicho kitabu."

Ndugu yangu hakubishana. Alileta ukurasa wenyewe, akaufunika kwa kiganja pale mjomba alipochorwa sebuleni, kidole kimenyooka, fundi na mwiko wake, mama mkono ukutani, watu wanacheka. "Haya, someni."

Wakasoma. Chumba cha juu, harusi. Cha chini, dari liko sakafuni.

"Sasa dari limeangukaje?" akauliza yule mzee, wala hakuwa na nia mbaya.

Mjomba akatazama viatu vyake.

"Ndio hivyo, mzee wangu," ndugu yangu akasema taratibu. "Ukurasa ni nyumba. Chumba hiki kinabeba vyote. Nikikitoa, mama yangu kafa bila sababu." Akaondoa kiganja.

Mjomba akainama, akajitazama pale kwenye karatasi, akasema kwa sauti ndogo, "Basi angalau kipunguze hicho kitambi."

Mzee wa msikitini akakohoa kuficha kicheko. Mimi sikuficha.

Kitabu kimetoka. Msamaha mjomba hajaomba, na mimi sijampa. Nikimkuta njiani namwamkia, maana ndivyo mama alivyonilea, kisha napita. Yule fundi nasikia bado anapiga plasta mjini.

Nilipoletewa nakala yangu, nilifungua moja kwa moja ukurasa ule wa sebuleni. Mama yupo, kiganja ukutani, kageuza uso anamtazama kaka yake. Kitambi nacho kipo vilevile, kimejaa chumba, na nyuma yake ukuta umeanza kutoa jasho.