Jumapili ya Verna

Orrin Haverkamp hakuwahi kudanganya kuhusu filamu. Kuhusu mambo mengine sijui, ila kuhusu filamu alisema alichokiona, hata kama mwenye filamu yuko mbele yake na ameileta kwa gari kutoka Fresno. Kila Jumapili ya pili ya mwezi, saa nane mchana, wanachama thelathini hivi wa chama cha wapenzi wa filamu za zamani tulikutana katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Walutheri, Glendale. Orrin aliwasha mashine yake ya kuonyeshea, tukatazama, na taa ziliporudi yeye ndiye aliyeanza kuchambua.

Mimi naitwa Fern. Nilishona nguo za waigizaji studio kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo nami nina mdomo wangu. Chamani kazi yangu ilikuwa kahawa, na anayemimina kahawa husikia kila kitu.

Orrin alipenda filamu za miaka ya thelathini, zile za mwanzo mwanzo za sauti, wanaume wamevaa makoti mazuri na wanawake wanajibu kabla hawajamaliza kuulizwa. Za rangi alisema zimepakwa kama keki ya harusi. Za vita alisema ukiona moja umeziona zote. Lakini za kimya, zile za kabla ya sauti, alizidharau waziwazi. "Mtu anaketi, anasimama, anaketi tena, kama nyumba inaungua," alisema. "Hata kulia wanalia mbio mbio. Ukiniambia hiyo ni sanaa, njoo nikuonyeshe kuku wa jirani yangu."

Aliyezipenda ni mkewe, Verna. Ndiye aliyepiga piano kando ya pazia la picha kila tulipoonyesha filamu ya kimya, na ndiye pekee aliyethubutu kumkatiza Orrin. "Punguza mwendo, Orrin," alimwambia kabla taa hazijazimwa, huku akijinyoosha vidole. "Siwahi kufika." Orrin alijibu bila kugeuka: "Kaza vidole, mke wangu. Mashine haina baridi yabisi." Nasi tulicheka. Walikuwa hivyo tangu nilipojiunga, nikadhani ndivyo wanavyosalimiana.

Filamu aliyoipenda Verna kuliko zote iliitwa Mfua Nguo wa Sacramento, ya mwaka 1924. Mwigizaji wake, Ottilie Marsh, leo hakuna anayemkumbuka. Kila mwaka Verna aliiomba, kila mwaka Orrin aliionyesha kwa kuwa alimpenda mkewe, na kila mwaka aliipa alama mbili kati ya kumi.

Verna alifariki Februari, asubuhi, jikoni, birika likiwa bado linachemka. Nilimpelekea Orrin bakuli la tambi za kuoka. Alinifungulia mlango, akasema asante, akaliweka juu ya mabakuli mengine mawili ambayo hayajaguswa. Runinga ilikuwa imewashwa bila sauti. Nikamuuliza kama analala. Analala. Anakula? Anakula. Nikamuuliza kama amelia. Akafikiri kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka miwani.

"Hapana," akasema. "Nasubiri, ila hakuna kitu kinachokuja."

Sasa, chama chetu kina desturi. Mwanachama akifa, mwezi unaofuata inaonyeshwa filamu aliyoipenda, na aliyekuwa karibu naye zaidi ndiye anayesimama kwanza kutoa maoni. Hakuna sheria kwamba lazima asifu. Haikuwahi kuhitajika.

Phyllis, katibu wetu, alinipigia simu Jumatano. "Fern, ataipa mbili," akasema. "Siku ya Verna, mbele ya dada yake Verna aliyepanda ndege kutoka Minnesota, yule mwanaume atasimama aipe mbili. Nenda ukaongee naye."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe huogopi kununiwa."

Nikaenda. Orrin alikuwa amevaa sweta lile lile la juma lililopita. "Jumapili sema neno zuri," nikamwambia. "Ni siku moja tu, jamani."

"Nitasema nilichokiona."

"Hata kwa ajili yake?"

"Verna anajua sidanganyi. Nikiisifu kwa vile amekufa, atajua." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa. Nilitamani kumtikisa. Nikauliza ni nani atakayepiga piano. Akainuka, akarudi na kaseti aliyoikuta ndani ya kiti cha piano, chini ya kifuniko. Juu yake Verna alikuwa ameandika: Mfua Nguo, yote, dakika themanini.

"Alikosea," Orrin akasema. "Filamu ni dakika sitini. Hizo ishirini sijui alikuwa anampigia nani."

"Umeisikiliza?"

"Sikuona sababu."

Jumapili ukumbi ulijaa. Niliweka kahawa na keki za ndimu, nikamketisha dada yake Verna mbele. Piano ilikuwa imefunikwa. Dale Yoshimura, aliyekuwa mhariri wa filamu studio kabla ya kustaafu, ndiye aliyeshughulikia kaseti. Aliyasoma maandishi, akaitazama mashine ya Orrin, akayasoma tena.

"Orrin, mashine hii unaiendesha kwa mwendo gani?"

"Mwendo wake."

"Swichi ya mwendo iko wapi?"

Orrin akamwonyesha. Ilikuwa imezibwa kwa karatasi nyeusi ya gundi, nayo imekauka hadi imekuwa kama ngozi. Aliifunga mwaka 1963. Katikati ya filamu moja ya sauti mtu alipita akaigusa ile swichi kwa kiwiko, waigizaji wakaanza kuongea kama ng'ombe wenye mafua, na ukumbi mzima ukamcheka Orrin. Jioni ile ile aliiziba, na hakuigusa tena kwa miaka thelathini na moja.

Dale alishusha sauti, lakini mimi nilikuwa karibu. "Huu ni mwendo wa filamu za sauti, bwana. Za kimya zilipigwa kwa kuzungusha mpini wa kamera kwa mkono, taratibu. Ukiziendesha hivi, filamu ya dakika themanini inakwisha kwa sitini. Watu wote wanakuwa wanakimbia."

"Miaka miwili unakaa kiti kile pale," nikamrukia, "leo ndiyo unasema?"

"Nilidhani anazipenda hivyo! Si ndiye mwenye maoni?"

Mimi nilifanya kazi studio, nikakaa miaka kumi na tisa kwenye ukumbi ule, nami nilicheka kila mwaka.

Orrin aliinama akaanza kubandua karatasi ile kwa kucha. Ilitoka vipande vipande, watu wakimtazama. Ilimchukua muda mrefu. Kisha akaisukuma swichi upande wa pili, akazima taa, na Dale akawasha kaseti, ambayo katikati ya filamu aliigeuza haraka upande wa pili.

Katika filamu ile kuna mahali tulipozoea kucheka kuliko pote. Ottilie Marsh anapiga pasi shati la mwanaume aliyemwacha, anakimbilia mlango, anarudi, anakimbilia mlango, anarudi. Mara tatu. Kuku mtupu. Safari hii alitembea. Alifika mlangoni, akaweka kiganja juu ya mbao, akasikiliza, na piano ya Verna ikasikiliza naye. Akarudi mezani. Mimi mshonaji niliona kwa mara ya kwanza kwamba muda wote ule alikuwa anapiga pasi mkono mmoja tu wa shati, ule ule. Safari ya tatu hakufika mlangoni. Alisimama katikati ya chumba, na Verna akainua vidole akamwacha asimame bila muziki. Hakuna aliyecheka. Dada yake Verna alikuwa ameshika mkono wangu, nami sikujua ameushika tangu lini.

Picha na piano vilikwisha pamoja. Orrin akazima mashine, akawasha taa. Kaseti iliendelea kuzunguka, na kabla Dale hajaifikia tukasikia kifuniko cha piano kikifungwa, kisha, humo humo kwenye kaseti, sauti ya Orrin mwenyewe kutoka chumba kingine.

"Verna! Umemaliza? Chakula kinapoa."

"Bado kidogo, mpenzi," Verna akasema, karibu sana. "Nakuja."

Halafu kaseti ikafika mwisho wake, ikajizima.

Phyllis alimtazama Orrin, kwa kuwa desturi ni desturi. Orrin akasimama, mkono wake bado uko juu ya mashine.

"Hii filamu sijawahi kuiona," akasema. "Aliniambia nipunguze mwendo. Nilidhani ni vidole vyake." "Sina alama ya kutoa. Naomba mnisamehe." Akaketi.

Watu walipoondoka nilimpelekea kahawa. Hakulia. Uso wake ulikuwa kama siku ile mlangoni, na nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu. Aliishika kahawa kwa mikono miwili bila kuinywa, akawa anatazama kabati la nyuma tunakoweka makopo ya filamu.

"Fern, za kimya tulizoonyesha zilikuwa ngapi?"

Daftari la chama liko kwangu. Nilikuwa najua. "Mia moja na kumi na mbili."

"Na zote alizipigia piano."

"Zote."

Alitikisa kichwa polepole, akaweka kikombe chini.

"Nitolee ya kwanza," akasema.