Udi wa Alhamisi

Ukifika Buyenzi ukaulizia nyumba ya Adija, watu watakuuliza kwanza unaozesha lini. Ndivyo anavyojulikana. Adija ni somo, mwanamke anayekaa na mwali siku chache kabla ya harusi, mlango umefungwa, akamfundisha yale ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema: kumpokea mume, kuvaa shanga za kiunoni, kufukiza chumba. Nusu ya wake wa mtaa ule wamepita mikononi mwake, na wakikutana naye sokoni huinamisha macho wakacheka.

Naye alikuwa mwanamke wa haja. Mnene, amejaa, akipita na kanga zake barabara inampisha. Mumewe Massoudi, fundi wa kuchomelea vyuma, aliupenda ule mwili waziwazi, hata uzee ulipoanza kubisha hodi. Walikuwa na desturi yao. Alhamisi, magharibi ikishasaliwa, Adija huweka kaa la moto kwenye chetezo, anatia udi, na moshi unapita chini ya pazia mpaka uani. Massoudi akiunusa huacha kahawa na wenzake bila hata kuaga. Walimtania mpaka wakachoka wenyewe. Miaka yote ya ndoa hakuna aliyemwita mwenzake kwa maneno, udi ulitosha.

Yaliyomponza ni magoti. Siku moja huko Musaga alikaa mkekani kumfundisha mwali, na wakati wa kuondoka akashindwa kuinuka. Wasichana wawili walimshika kwapani wakamvuta, na mmoja akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. Sasa somo asiyeweza kuinuka mkekani atamfundisha nani? Aibu ile Adija alirudi nayo nyumbani, na kesho yake akaenda kwa Orpha mwenye farmasi. Orpha akamwambia kuna sindano mpya, mtu anajichoma tumboni kila wiki, hamu ya kula inakatika, mwili unashuka wenyewe. Zilikuwa zinauzwa kimyakimya bila karatasi ya daktari. Zikakaa kwenye friji ya Orpha, na huko huko nyuma ya duka ndiko alikojichoma. Massoudi hakuambiwa. Mtu anayekupenda ulivyo, unaanzia wapi kumwambia kwamba unajipunguza?

Mwili ulishuka kweli. Magoti yakatulia, na mukeke wa kuchoma, samaki ambaye zamani Adija alikuwa tayari kumgombania na watoto wa watu, akawa anamsukuma kando ya sahani. Mpaka hapo hakuna neno. Balaa ni kwamba hamu ya kula haikuondoka peke yake. Alhamisi moja alitia udi, Massoudi akaja, na Adija akajikuta amelala pale anawaza nguo alizoziacha kwenye kamba. Alhamisi iliyofuata ikawa vilevile. Hakumchukia. Alimtazama mumewe akampenda, akamwonea na huruma, lakini mwili ulikaa kimya kana kwamba mgeni huyo si wake. Akajaribu yote aliyowafundisha wasichana, akajifanya, maana hata kujifanya alikuwa amewafundisha. Lakini Massoudi si mjinga. Mwishowe udi ukaachwa wiki moja, ukaachwa na nyingine. Shanga zikawa zinateleza mpaka mapajani, akazivua akazifungia kwenye kopo.

"Mama Hamimu, mi nimekukosea nini?" Massoudi akamuuliza.

"Apana, baba Hamimu. Ni kuchoka tu."

Masikini yule mzee akaamua kosa ni lake. Alidhani ni harufu ya vyuma na grisi. Akawa anasugua mikono kwa mchanga na sabuni mpaka inachubuka, akanunua marashi yaliyomfanya apige chafya. Adija aliyaona yote hayo, roho ikamuuma, na bado mdomo hakuufungua. Hapo ndipo unatamani kumshika mabega umtikise. Neno lilikuwa moja tu, na nafasi ya kulisema ilikuwepo kila siku.

Mtaani nako wakaanza: yule mama anakonda, atakuwa na ule ugonjwa. Massoudi hakuvumilia, akaenda kwa Shehe Tajudini, anayewasomea watu wenye mashetani. Shehe akasikiliza. Mke anakonda, hali chakula, hamtaki mumewe, na miaka yote anafukiza udi Alhamisi. Akatikisa kichwa. Ni jini mahaba huyo, akasema, amemfanya mkeo kuwa mke wake, na udi ndio unaomwita. Usimguse, atakudhuru. Na ujue, siku akibanwa atasema kwa mdomo wa mkeo kwamba yeye hayupo.

Adija alipoletewa habari hizo, unajua alihisi nini? Nafuu. Uongo aliokuwa hana nguvu tena ya kuutunga umeletwa mlangoni na mtu wa dini. Akakaa akasomewa, akanyunyiziwa maji ya waridi, akalia machozi ya kweli, na watu wakasema jini anaumia. Massoudi akahamia chumba cha Hamimu, mtoto wao aliyekwisha kuoa na kuhama. Asubuhi alimpikia mkewe chai, kila swala akamwombea, lakini hata begani hakumgusa.

Nafuu ile haikudumu. Siku zikaenda, Adija akaanza kulikumbuka lile bega lisiloguswa, na safari hii akajikaza akamweleza Orpha mambo yote.

"Inatokeaka kwa wengine," Orpha akasema. "Wengine hata inawaongezea. Ungeniambia, ningekutuma kwa muganga wa hospitali akuangalie, apunguze dozi ao uache. Sasa mbona ulinyamaza, mama?"

Mbona alinyamaza. Adija aliondoka na swali hilo. Akaacha sindano. Ilichukua muda, kwanza ukarudi utamu wa mukeke, kisha mapaja, kisha siku moja Massoudi akapita uani bila shati, amebeba ndoo, na kitu ndani ya Adija kikaamka. Alikaa jikoni akalia kwa furaha, peke yake.

Alhamisi ile alioga vizuri, akafungua kopo, na shanga zikakaa kiunoni. Akatia udi. Moshi ukapita chini ya pazia. Akamsikia Massoudi anaweka kikombe chini, kisha nyayo zake.

Nyayo hazikuja chumbani. Alipotoka akamkuta kwenye mlango wa nje, mkeka kwapani, anasoma Ayatul Kursi ya kujikinga.

"Massoudi, siyo jini. Hakukuwa na jini hata siku moja. Ni sindano ya kukondesha, nilijichoma mi mwenyewe, nikakuficha." Akamwonyesha ile moja tupu aliyokuwa ameibakiza kwenye mkoba, chombo chembamba kama kalamu ya shule.

Massoudi akaitazama asiiguse.

"Shehe aliniambia," akasema. "Aliniambia utasema ivyo ivyo."

Kisha akamtazama usoni, akiwa anamtafuta mtu mwingine humo ndani. "Muache muke wangu. Nakuomba. Mi sina mwingine."

Akaenda kulala karakanani. Adija alimwaga maji kwenye chetezo, na udi uliobaki akautupa kwenye mfereji wa barabarani, pamoja na kopo la shanga.

Alfajiri Massoudi akarudi na mkate, akasimama nje ya mlango, hakuvuka kizingiti.

"Ameondoka?" akauliza.

Adija alijua kweli ni ipi, na alijua akiisema mume huyu atageuka na mkate wake mkononi.

"Ameondoka," akasema.

Massoudi akashukuru Mungu, akaingia, akanywa chai yake upande wa pili wa mkeka.