Mkwe Wangu Ndani ya Televisheni

Nilitaka televisheni kwa sababu ya kichwa cha mzee wangu, baba wa watoto wangu. Kila siku saa saba alitoka shambani akaenda kwa kinyozi pale senta kutazama habari. Kinyozi hataki watu wa kukaa bure, kwa hivyo mzee akawa ananyolewa. Mtu ananyolewa mara tatu kwa wiki, na nywele zenyewe ni za kuhesabu! Tumbili wanakula mahindi, yeye anapakwa spiriti. Nikasema huyu mzee nitamrudisha nyumbani.

Kwa duka moja Kitale, karibu na msikiti, niliuliza bei. Ilikuwa bei ya ng'ombe. Nikangoja. Baada ya mavuno ikawa bei ya ndama. Nikasema kumbe inashuka, nikangoja tena. Kila nikipeleka mboga zangu za sukuma sokoni nilipitia pale, mpaka mwenye duka, mtu mpole, upole ukamwisha.

"Mama, utanunua lini?"

"Ikimaliza kushuka."

"Ukingoja zaidi nitakulipa wewe uibebe."

"Basi nitangoja."

Binti yangu, aliyeolewa Bungoma, ndiye alinivurugia mpango. Mume wake anafanya kazi Uarabuni. "Mama, wacha hiyo ya Kitale," akasema. "Huko ni kubwa, na bei iko chini kuliko hii." Nikamuuliza, ikiharibika tutairudisha kwa miguu? Akacheka. Saa hiyo mzee akaingia, ametoka kunyolewa tena, damu kidogo sikioni. Nikakubali.

Ililetwa na mtu aliyekuja likizo, imefungwa kwa blanketi, kubwa kama mlango wa ghala. Tukaiwasha: maandishi yote ya Kiarabu. Mzee akabonyeza, ikapiga kelele. Binti akasema, "Ngojeni, mwenyewe atatuonyesha." Akampigia simu ya video, akaiunganisha sijui vipi, na ghafla mkwe wangu akajaa ukuta mzima, meno kama matofali.

Sasa, kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani uso kwa uso mpaka mkwe alete mbuzi wa kuondoa hiyo haya. Huyu alisafiri kabla ya kumleta. Nilijifunika leso, nikatoka mbio, nikaangusha birika ya chai.

"Wewe, rudi!" mzee akaita. "Si ni picha tu!"

"Picha gani inasema, 'Pole na chai, mama'?"

Mkwe naye alishtuka. Ana adabu, sikatai. Aliingia chini ya kitanda hukohuko Uarabuni, na ukutani kwangu ikabaki godoro na sauti: "Baba, bonyeza ya kulia. Hapana, baba, hiyo ingine." Mimi jikoni na kuku, yeye chini ya kitanda, mzee katikati akibonyeza. Ugali uliiva wakiwa bado hapo.

Sasa maandishi ni ya Kiingereza, ambayo pia sisomi, lakini habari zinatoka. Mkwe alitaka kutuma pesa ya mbuzi, nikakataa. Mbuzi aje na miguu yake, na mkwe akiwa ameshika kamba. Mpaka siku hiyo, simu ikilia mzee anapaza sauti, "Mkwe anaingia!" nami nachukua kiti changu natoka nje.

Kwa kinyozi haendi tena. Nywele zimeanza kumea, chache, nyeupe. Nikiwa nje naziona vizuri kupitia dirisha.