Arobaini ya Mpwa Wangu na Bajeti ya Nakala Tatu

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kurudi Rumonge na diploma. Nasema hivyo bila kuona haya, kwa sababu hakuna aliyenilipia. Nilivuka ziwa kwenda Albertville, ambayo leo ni Kalemie, nikiwa na kaptula moja. Mchana nilibeba magunia bandarini, jioni nilijifunza uhasibu kwa Kifaransa, mpaka nikapata karatasi yenye mhuri. Niliporudi, Burundi ilikuwa imekwisha pata Uhuru, na mfanyabiashara mmoja wa mawese akanipa meza, kiti na mashine ya kupiga chapa. Nilikuwa nikiipiga dirisha likiwa wazi, ili wapita njia wasikie.

Nazungumzia miaka ile iliyo baina ya Uhuru na mauaji ya sabini na mbili. Tulicheka sana miaka ile, na mimi mwenyewe nilichekwa kuliko wengi.

Mdogo wangu wa kike alikuwa ameolewa Kizuka, kwenye familia ya Waislamu wenye michikichi mingi. Kama desturi yetu inavyotaka, mimba ya kwanza alikuja kujifungulia kwa mama. Akazaa mtoto wa kiume mwenye mashavu kama maandazi. Ilibaki arobaini: siku ambayo wakwe wangeshuka kutoka Kizuka, wale, wafurahi, kisha wamchukue mama na mtoto warudi nao.

Usiku wa arusi ya mdogo wangu chakula kilikuwa kimetuishia. Wakwe walirudi Kizuka na njaa, na mama mkwe wake hakusahau. Kila dada yangu alipotia chumvi kwenye chungu, yule mama alisema, "Weka kidogo, mwanangu. Kwenu mmezoea kula kidogo."

Basi dada yangu alinikamata nikiwa natoka kuoga. "Yaya," akaniambia, maana huku ufukweni mkubwa wako ni yaya, awe wa kiume au wa kike, "wewe iko na diploma. Sitaki kitu kingine. Wale watu wasirudi na njaa mara ya pili. Wewe utabaki hapa na mashine yako, mimi nitakaa na yule mama maisha yangu yote."

"Nitatengeneza bajeti," nikasema.

"Bajeti inaliwa?"

"Inaliwa ikipangwa vizuri."

Nilikaa nayo jioni tatu. Niliandika mchele, sukari, majani ya chai, mawese, sombe, yale majani ya mihogo ya kutwanga, kitenge cha mama mkwe, beseni na sabuni za mtoto, na juu ya yote, ndagala, dagaa wa ziwa letu, wabichi wa kukaanga, wengi, wa kumwaga kwenye sinia mpaka mgeni asione mwenzake wa upande wa pili. Bei niliziulizia sokoni mimi mwenyewe. Kisha nikaona kwamba arobaini inaangukia Jumatano, na mshahara wangu unatoka siku kumi baadaye. Nikaisogeza karamu hadi Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nikapiga chapa kwa nakala tatu, na karatasi ya kaboni katikati, nikawasomea mama na shangazi zangu wawili uani. Vichwa vya vifungu nilivisoma kwa Kifaransa, kwa heshima ya kazi yenyewe.

Nilipofika kwenye tarehe, mama aliinua macho kutoka kwenye ungo. Akatazamana na shangazi. Akatabasamu.

"Umechagua siku hiyo wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Tazama mtu aliyesoma," shangazi akasema. "Sisi tungekubali Jumatano tu, kama wajinga. Yeye amewaza mbali."

Sikujua nimewaza nini mbali, lakini sifa ni sifa. Nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyezoea kusifiwa. Wiki nzima watu walinipongeza njiani. Muuza chumvi alinishika mkono akasema nina akili kama ya mzee. Nikatembea Rumonge nikiwa mrefu kuliko nilivyozaliwa.

Siku nne kabla ya karamu nilikwenda ufukweni kuagiza ndagala. Nilikuta mitumbwi yote imevutwa mchangani, imelala kama ng'ombe waliokwisha shiba. Wavuvi walikuwa wanashona nyavu, wengine wanacheza karata, na taa za karabai zimetundikwa kwenye miti, hazina mafuta wala utambi. Mjomba wangu, ndugu yake mama, aliyekuwa na mitumbwi mitatu, alisimama kunipokea.

"Karibu, bwana diploma. Kweli umetufikiria. Arusi ile tulikosa, tulikuwa majini. Safari hii umetuchagulia mwezi mpevu, sote tuko nyumbani."

Hapo ndipo nilipoukumbuka mwezi. Mtoto yeyote wa Rumonge anayenyonya bado anajua kwamba ndagala hufuata taa gizani, na mwezi ukijaa taa haina kazi, na wavuvi hupumzika siku nyingi mpaka giza lirudi. Mimi niliyezaliwa hatua mia mbili kutoka kwenye maji nilijua pia. Lakini miaka ya magunia na hesabu ilikuwa imenitoa mwezi kichwani. Nilitazama kalenda ya ukutani, sikutazama juu.

"Mjomba," nikasema polepole, "na ndagala?"

"Ndagala gani?"

"Wa karamu. Nimeandika ndagala."

Kitambi chake kikaanza kutikisika kabla ya mdomo. "Hukujua," akasema. "Mungu wangu, hukujua. Watu wanakusifu mji mzima." Akakaa mchangani akicheka mpaka wachezaji wa karata wakageuka. Nilimsihi asiseme. Ndagala waliokauka walikuwepo kwa uchache, kutoka Gitaza, kwa bei ambayo ingemeza kitenge, sukari na mshahara pamoja.

"Nitanyamaza," mjomba akasema akifuta machozi. "Lakini vijana hawa wamekaa bure siku sita, wanagombana na wake zao. Tutaingia mchana kwa ndoana, tutafute samaki wakubwa. Sharti moja. Kila atakayetupa ndoana anakuja kula, na mke wake, na watoto wake."

"Bajeti ni ya watu arobaini."

"Basi baki na ndagala wako wa karatasi."

Nikakubali. Ijumaa mitumbwi minane iliingia ziwani mchana mweupe, jambo lililowavuta wanawake wote ufukweni kutazama. Vijana walishindana kama watoto. Mmoja alirudi na sangala mrefu kama mguu wa mtu mzima, akapita naye mbele ya nyumba za watu wote kabla ya kutuletea. Mwingine akaona wivu, akarudi majini bila kula. Jumamosi asubuhi uani kwetu palikuwa na sangala na kuhe waliopangwa juu ya majani ya mgomba, na mama akiwazunguka kwa kisu, hajui aanze na yupi.

"Na ndagala wako?" akaniuliza.

"Nimebadilisha kifungu," nikamjibu. Mjomba alikuwa nyuma yake, ameuma kilemba asicheke.

Wakwe walishuka baada ya sala ya adhuhuri. Barua yangu ya mwaliko ilisema wageni ishirini kutoka kwao. Lakini mwezi ule ulioniumiza mimi uliwafaa wao: kila mtu wa kilimani aliona kwamba atarudi usiku na njia nyeupe, basi walikuja na majirani, na majirani wa majirani, na bidoni za mawese kichwani na mikungu ya ndizi. Nilisimama langoni nikihesabu. Nilipopita hamsini mama alinishika mkono.

"Acha. Wageni hawahesabiwi langoni. Ingia ubebe maji."

Nilibeba maji, mimi mwenye diploma, na sikujali. Uani ngoma zilikuwa zimeanza, shangazi zangu wanacheza na mwiko mkononi, mawese ya Kizuka yanaingia moja kwa moja kwenye sombe letu. Mama mkwe aliwekewa sinia peke yake: wali, na kichwa kizima cha sangala kikimtazama. Dada yangu alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, macho kwenye mdomo wa yule mama. Nilisimama karibu naye, na nilisikia anavyopumua.

Mama mkwe alikula bila haraka. Alimaliza shavu la samaki, akamaliza jicho, akanyonya mifupa mmoja mmoja, akairudisha kwenye sinia kwa mpangilio. Kisha akasema, "Nyinyi watu wa ziwa, samaki hawa mlikuwa mnawaficha wapi?"

"Leta kichwa kingine," mama akasema.

Nacho akakimaliza. Jua lilipoanza kushuka, shangazi yangu akamwambia kwa adabu, "Mwezi utatoka sasa hivi, mama. Kijana wetu aliichagua siku hii mrudi mkiona njia."

"Murakoze," mama mkwe akashukuru, akinyoosha miguu. "Kurudi? Nani amesema tunarudi leo? Tunalala."

Mama alinitazama. Mimi nilitazama watu: wamejaa uani, barazani, hadi kwenye ngazi ya jirani. Kifungu cha chai ya asubuhi sikuwa nacho hata kwenye nakala ya tatu. Lakini dada yangu alikuwa amekwisha toka mlangoni, anapanga watu kama bwana mkubwa wa forodha. "Wazee mkekani barazani. Watoto kwa mjomba. Yaya, mama wa Kizuka atalala kwenye kitanda chako."

Nililala barazani kati ya wakwe wawili wenye miguu mirefu. Chai ya asubuhi ilitoka kwa majirani, na mihogo ya kuchemsha ikatoka kwa wake wa wavuvi, ambao walisema karamu bado haijaisha. Walipoanza safari, mama mkwe alimbeba mjukuu yeye mwenyewe, na nje ya ua alisimama kumweleza muuza chumvi jinsi alivyolishwa Rumonge, kichwa kizima cha sangala, peke yake.

"Viwili, mama," dada yangu akasema nyuma yake.

Yule mama aligeuka. Nilifikiri atamkaripia.

"Viwili," akamwambia muuza chumvi. "Kwao wamezoea kula sana."